DOSBox-X kwenye duka la vipuri: inafaa, ila ina makero yake

Bei yake ni sifuri. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu patroni wangu huanza na swali hilo kwa kila kitu. DOSBox-X, programu inayoendesha ndani ya Windows programu za DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, haiuzwi, haina malipo ya kila mwaka, na ikishaingia kwenye kompyuta haidai intaneti tena. Hapa Kamalondo, Lubumbashi, imetuwezesha kuendelea na programu ya stoki tuliyo nayo tangu 1996, baada ya kompyuta iliyokuwa ikiibeba kuuawa na umeme. Nitaisifu, lakini na malalamiko ninayo.

Programu yenyewe inaitwa GESTOK. Aliitunga papa mmoja aliyekuwa upande wa mahesabu Gécamines, kampuni ya madini, ambaye jioni alikuwa akiwaandikia wenye maduka programu kwa Clipper, lugha iliyotamba sana enzi za DOS. Papa ameshafariki, na maelezo aliyotuachia ni karatasi moja tu iliyopigwa plastiki: F2 kutafuta kipande, F5 kuingiza mzigo, F9 kutoa fakture. Unafungua dirisha jeusi, unaandika `gestok`, skrini inageuka bluu, kazi inaanza. Dereva wa lori la Kasumbalesa akiwa mlangoni na injini inanguruma nje, akitaja nusu tu ya namba ya filta, mimi nimeshaona kama ipo, iko rafu gani na mara ya mwisho tuliiuza bei gani. Hizi programu mpya za kubofya nilizoonyeshwa, mpaka kipanya kifike kwenye kisanduku cha kutafutia, dereva ameshavuka barabara kwenda kwa jirani.

Siku ya balaa umeme ulikatika katikati ya mauzo, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Ondulere, ile betri ya kulinda kompyuta umeme ukikatika, ilikuwa imechoka kitambo, haikuzuia kitu. Kompyuta ya Windows XP haikuwaka tena, ila diski yake ilisomeka ilipofungwa kwenye mashini nyingine, kwa hiyo folda nzima ya GESTOK ilipatikana. Fundi akatuwekea kompyuta nyingine yenye Windows 10 ya biti 64, akanakili folda, akabofya. Windows ikajibu kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, na kwamba tumtafute aliyeitengeneza. Tungemtafutia wapi?

"Mama, hii imekufa," fundi akaniambia. "Nunueni mpya, dola mia tatu kwa mwaka, mimi mwenyewe nitawawekea."

Haikuwa imekufa. GESTOK ni programu ya biti 16, na Windows ya biti 64, iwe 7, 10 au 11, haina kabisa sehemu ya kuendeshea programu za biti 16. Sehemu hiyo huitwa NTVDM na hukaa kwenye Windows za biti 32 tu. Windows 10 ya biti 32 unaweza kuiongezea, lakini Windows 11 haikutolewa kwa biti 32, na Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ile menyu ya kuchagua "endesha kama Windows 95" haigusi tatizo hili hata kidogo, usiipotezee asubuhi yako. Faili lako zima linaweza kuwa salama kabisa na bado lisifunguke.

Kwa aliye na XP iliyoanguka ikarudi, tatizo huwa lingine. Ukiona ujumbe kwamba faili la mfumo halifai kuendesha programu za MS-DOS, angalia kwenye `C:\Windows\System32` kama `AUTOEXEC.NT` na `CONFIG.NT` bado zipo na hazijaharibika. Nakala zake safi huwa kwenye `C:\Windows\Repair`. Unazirudisha mahali pake. Kisha fungua `CONFIG.NT` uhakikishe mstari wa `FILES=`, yaani idadi ya mafaili yanayoweza kufunguliwa kwa pamoja, una namba ya kutosha, maana nakala safi haijui mahitaji ya programu yako.

Aliyenileta kwenye DOSBox ni mtoto wa mdogo wangu, anayesoma informatiki UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alianza na DOSBox ya kawaida, toleo 0.74-3 la mwaka 2019. Kuipakua hakukula bando: haifiki hata megabaiti 2. Inajenga ndani ya Windows kompyuta ya bandia yenye DOS yake, na programu ya zamani ikiingia humo haijui kama dunia imebadilika. Unaunganisha folda yako kwa amri ya `mount`, unaingia, unaendesha. GESTOK ikafunguka, bluu ileile. Nilicheka peke yangu.

Kicheko kilikatizwa na kibodi. Zetu hapa ni AZERTY, za mpangilio wa Kifaransa, na DOSBox ile iliichukulia kama ya Kimarekani. Ukiandika `mount` inatoka `;ount`. Ukibonyeza nukta mbili inatoka nukta moja. Ukitaka `a` unapata `q`. Mtu asiyejua ataona kila amri inakataliwa na atasema programu mbovu, kumbe mashine inasoma vitufe vya kibodi nyingine. Dawa ni kufungua faili la mipangilio na kuandika `keyboardlayout=fr` badala ya `auto`, au kuandika `keyb fr 850` ukishaingia. Hiyo 850 ni jedwali la herufi za Ulaya Magharibi lililotumiwa na DOS, lenye é, ç na wenzao.

DOSBox hiyo nilikaa nayo kidogo tu, na watengenezaji wake hawana lawama, kwa sababu wao wenyewe wanasema wazi kwamba waliijenga kwa ajili ya michezo ya zamani, si kwa kazi za ofisi. Haina uchapishaji. Duka lisilotoa fakture ni duka gani? Halafu kuna Ctrl-F9: ukiibonyeza, DOSBox inafungwa palepale bila kuuliza, kama umeme uliokatwa. Mimi F9 ndiyo kitufe changu cha fakture, na Ctrl iko pale pembeni ya kidole. Kwa mtu anayetaka tu kuona kama programu yake ya zamani ingali hai, DOSBox ya kawaida inatosha na ndiyo nyepesi. Kwa kazi ya kila siku, hapana.

Ndipo tukaja kwenye DOSBox-X. Imetokana na DOSBox ileile lakini wameiongezea vitu vya watu wa kazi: printa, ulinzi wa mafaili, menyu juu ya dirisha, na onyo unapotaka kulifunga programu ikiwa inaendelea. Ni nzito zaidi kupakua, na faili lake la mipangilio ni refu, limejaa mistari ya kadi za sauti na za picha ambazo duka la vipuri halina haja nazo. Hapo ndipo kero yangu ya kwanza: hakuna njia fupi ya mtu wa kaunta. Unasoma, unaruka, unasoma tena. Sehemu tuliyoihitaji ilikuwa hii tu, mwishoni kabisa, chini ya `[autoexec]`:

`keyb fr 850`
`mount d c:\dosi`
`set CLIPPER=F:60`
`d:`
`cd \gestok`
`gestok`

Kila mstari hapo una sababu yake. Papa aliyetunga GESTOK aliiandika ikijua kwamba inaishi kwenye `D:`, kwa hiyo tumeipa `D:`, ingawa kwenye Windows mpya herufi hiyo ni ya kisomea DVD. Ndani ya DOSBox-X hakuna ugomvi. Usiunganishe `C:` nzima ya Windows, chukua folda moja tu, na folda zilizo ndani yake zipe majina mafupi yasiyozidi herufi nane, la sivyo utayaona yamekatwa na kuwekewa `~1`. Mstari wa `set CLIPPER` ulikuwa kwenye `AUTOEXEC.NT` ya mashini ya zamani. Folda iliponakiliwa, mstari huo haukuja nayo, maana haukuwa ndani ya folda. Hiki ndicho watu wengi hawakiangalii kompyuta ikianguka: mafaili ya programu unayapata yote, lakini zile amri ndogo zilizokuwa zikiiandalia mahali zimebaki kwenye mfumo uliokufa.

Programu za Clipper zina fadhila moja: zikikataa, zinakuambia namba, na namba hizo ni za DOS yenyewe. Ukiona `DOS Error 2`, faili halipo. `3`, njia ya folda si ile inayoitarajia. Sisi tuliipata kabla ya kuweka `D:`. `4`, mafaili yaliyofunguliwa yamezidi kikomo, na hapo ndipo `CLIPPER=F:60` inapofanya kazi. `5`, umekatazwa kuingia, mara nyingi kwa sababu folda iko mahali Windows inapolinda, kama `Program Files`, au mafaili yalitoka kwenye CD yakabaki ya kusomwa tu. Ukikutana na `DBFNTX/1012`, mara nyingi faharasa, ile orodha ya kutafutia haraka, imeharibika; hayo ni mafaili ya `.NTX`. Usiogope sana, faharasa hujengwa upya kutoka kwenye data. Yahamishie pembeni, usiyafute, kisha tumia menyu ya programu ya kupanga faharasa upya kama ipo. GESTOK inayo, chini ya F10, na papa aliipa jina la Kifaransa linaloeleweka.

Data yenyewe ni suala jingine, na hapo DOSBox-X haikusaidii kitu, wala sitaipunguzia alama kwa hilo.

GESTOK ilipofunguka niliangalia fakture ya mwisho nikalinganisha na nakala za karatasi zilizobaki kwenye droo. Za asubuhi ya balaa hazikuwemo. Nikakataza mtu yeyote asiingize kitu, mauzo yote yakaenda kwenye kitabu kwa kalamu. Patroni alinung'unika, na kijana wangu akanitetea: "Mama mkubwa ana haki. Ukiandika fakture mpya sasa, itakaa juu ya zile zilizopotea."

Akanionyesha. Faili la data, lile la `.DBF`, lina kichwa mwanzoni, na ndani ya kichwa kuna hesabu ya mistari iliyomo. Programu husoma hesabu hiyo na kuiamini. Mstari mpya unaandikwa mwishoni mwa faili, lakini hesabu kwenye kichwa inaweza kuchelewa kurekebishwa mpaka faili lifungwe vizuri. Umeme ukikatika katikati, mistari ipo kwenye diski, hesabu haiijui.

Tulichukua nakala ya faili (nakala, si lenyewe) tukalifungua kwa HxD, programu nyingine ya bure inayoonyesha baiti mojamoja. Upande wa kushoto namba, upande wa kulia maandishi. Nikashuka mpaka chini kabisa, na upande wa kulia nikawaona: `FILTRE HUILE`, `PLAQUETTE FREIN AV`, `COURROIE`, na bei zake, mauzo ya asubuhi ile yamekaa kimya mahali pake. Kila mstari unaanza na nafasi tupu, baiti ya `20`. Uliofutwa huanza na nyota, `2A`. Mwisho wa faili kuna `1A`.

Hesabu ni ya mtoto wa shule. Faili la mwaka huu lilikuwa na baiti 396,963. Kichwa chake, kinavyojitaja chenyewe kwenye nafasi ya 8 na 9 (unaanza kuhesabu na sifuri), ni baiti 482. Kila mstari, nafasi ya 10 na 11, ni baiti 96. Toa kichwa, toa ile moja ya mwisho, inabaki 396,480. Gawanya kwa 96, unapata 4,130 kamili, bila mabaki. Kungekuwa na mabaki, ingekuwa dalili kwamba mstari wa mwisho umekatika katikati. Lakini kwenye nafasi ya 4 mpaka ya 7, pale hesabu inapokaa, palisomeka `10 10 00 00`. Namba hizo ni za hesabu ya kumi na sita (hex), si ya kumi, na baiti zake husomwa kutoka nyuma, yaani 4,112. Mistari 18 ilikuwa nje ya hesabu. Kijana akaandika `22 10 00 00`, ambayo ni 4,130, akahifadhi, tukarudisha nakala hiyo kwenye folda, tukapanga faharasa upya. Nikabonyeza F2 nikatafuta fakture ya mwisho ya asubuhi ile. Ipo, na jumla yake inalingana na karatasi.

LibreOffice nayo hufungua `.DBF`, na ni nzuri kwa kutazama, lakini nayo huamini hesabu ya kichwa, kwa hiyo ingetuonyesha 4,112 na sisi tungekubali hasara.

Turudi kwenye printa, ambako DOSBox-X imenikera kuliko kwingine. Tunayo Epson LX-350, ya sindano, ya karatasi ndefu zenye nakala ya kaboni, kwa sababu mteja anachukua moja na sisi tunabaki na moja. Kwenye mipangilio unaweza kuandika `parallel1=printer`, na chini ya `[printer]` ukachagua `printoutput=printer`. Hapo DOSBox-X inajifanya printa, inachora ukurasa mzima kama picha, kisha inaipa Windows. Kwa printa za leza sina neno, ukurasa unatoka safi. Kwa ya sindano ni mateso: inachora mstari kwa mstari kama picha, kelele ndefu, mteja anaangalia saa.

Tulichobaki nacho ni `parallel1=file`. Fakture inaandikwa kama faili lenye amri zilezile za printa ya zamani, kisha faili fupi la amri upande wa Windows linalirusha kwenye printa bila kulibadilisha: `copy /b fakture.prn \\localhost\LX`, ambapo LX ni jina tulilolipa printa tulipoiweka ya kushirikiwa. Inapiga kwa herufi zake yenyewe, haraka, kama enzi za XP. Ukilifungua faili hilo kwa Notepad utaona `Qté` imekuwa `Qt‚` ukadhani kila kitu kimeharibika. Hakijaharibika. Notepad inasoma kwa jedwali la Windows, printa inasoma kwa lile la DOS, na kwenye karatasi é inatoka é.

Niitaje na vDos, maana wengine itawatosha. Hiyo ilifanywa mahsusi kwa programu za maandishi za ofisi: mipangilio yake ni mafaili mawili mafupi, `config.txt` na `autoexec.txt`, herufi zake ni safi sana, na uchapishaji kwenye printa ya Windows umo. Kama una programu moja, mezani kwako, ya maandishi matupu, anza na hiyo. Utaielewa haraka kuliko DOSBox-X. Sisi tulibaki na DOSBox-X kwa sababu ya programu ya pili, ya mishahara, iliyoandikwa kwa Turbo Pascal. Hiyo kwenye mashini za kasi hufa ikifunguka tu na kuandika `Runtime error 200`: inapima kasi ya kompyuta, inapata namba kubwa kuliko ilivyotarajia, hesabu yake inavunjika. Ndani ya DOSBox-X unaipunguzia kasi kwa `cycles=fixed 8000` na inatulia. Na macho yangu yanashukuru `output=ttf`, inayochora herufi kwa fonti ya Windows badala ya vile vidoti vya zamani; dirisha ukilikuza, herufi hazivunjiki.

Kwa nyota tano naipa nne. Ya tano imeondolewa na printa na urefu wa ile mipangilio.

Patroni sasa anataka kompyuta ya pili kwenye kaunta, wauzaji wawili waandike kwenye folda moja. DOSBox ya kawaida haina ulinzi wa kuzuia watu wawili kuandika faili moja kwa wakati mmoja. DOSBox-X inao, na ndiyo sababu nyingine ya kuichagua. Hata hivyo sijamruhusu. GESTOK iliandikwa kwa meza moja, haijui kumsubiri mwenzake, na kama yenyewe haiombi kufuli, DOSBox-X haiwezi kuiombea. Kompyuta ya pili inapata nakala ya stoki kila asubuhi kwa flashi, ya kuangalia tu kama kipande kipo. Fakture zinatoka kwangu.